Waridi la mwambao: Biashara ipo kwenye chungu, si kwenye shina refu

MCHE wa waridi wenye ua moja kubwa jekundu hauhitaji kupigiwa debe. Anayepita kando ya barabara kuu za Dar es Salaam, Tanga au Mombasa akiuona kwenye bustani ya kuuzia miche husimama, huuliza bei, hupunguziwa kidogo, na huondoka nao akiwa na furaha.

Baada ya miezi miwili au mitatu furaha hiyo huwa imekwisha. Majani yamepata madoa meusi na kupukutika yote, matawi yamekauka kuanzia nchani kwenda chini, na kilichobaki ndani ya ndoo ni vijiti vitatu vyenye miiba. Mteja husema hana mkono wa kupanda. Muuzaji husema mteja hakumwagilia. Mara nyingi wote wawili wanakosea.

Kwa mwenye bustani, kosa hilo ni fedha. Chukua mfano wa mtu aliyeleta miche 50 kutoka nyanda za juu. Ikimfia 20 kabla haijauzwa, gharama ya ile 20 inabebwa na 30 iliyobaki, yaani miche 30 inalipiwa fedha za miche 50. Hapo bado hajahesabu maji, mbolea na ujira wa kijana anayemwagilia. Na ile 30 nayo ikifia majumbani kwa wateja, mwakani hakuna atakayesimama kuuliza bei.

Hata hivyo, si kweli kwamba waridi halistawi mwambao. Miwaridi ya zamani ipo katika nyua za miji ya pwani, na mawaridi yamekuwa sehemu ya arusi na maulidi za Waswahili kwa vizazi vingi. Tatizo ni aina inayonunuliwa, chombo inachopandwa na soko linalolengwa.

Si kila waridi ni la joto

Miche mingi inayovutia macho ni ya ukoo mmoja na mawaridi ya kukata yanayolimwa katika mashamba makubwa ya Naivasha na Arusha. Naivasha ipo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na Arusha karibu mita 1,400. Huko mchana kuna jua la kutosha, lakini usiku kuna baridi.

Baridi hiyo ya usiku ndiyo siri yenyewe. Mmea hutengeneza chakula mchana kwa nguvu ya jua, na usiku hutumia sehemu ya chakula hicho kwa ajili ya uhai wake. Usiku ukiwa wa baridi, hutumia kidogo na kuweka akiba, ndipo shina likarefuka na kitumba kikanenepa polepole. Dar es Salaam, katika miezi ya kaskazi ya Januari na Februari, joto la mchana hupita nyuzi 30 na usiku huweza kubaki kwenye nyuzi 25 hivi. Mmea unakula akiba yake usiku kucha. Kitumba hukimbilia kufunguka kikiwa bado kidogo, rangi hupauka, na ua linalodumu wiki moja Arusha hapa hudondosha petali baada ya siku mbili au tatu.

Kwa hiyo mkulima wa pwani anayeota kuuza mawaridi ya shina refu kwa ajili ya Siku ya Wapendanao ya Februari 14 anashindana na watu wenye hewa ya bure ya milimani, vyumba vya baridi na ndege za kupeleka maua hadi minadani Uholanzi. Ni mashindano ya kuyaepuka. Waridi jekundu la shina refu litakalouzwa mjini siku hiyo litatoka milimani tu, na kwa bei ambayo mtu wa pwani hawezi kuifikia.

Lakini kuna ukoo mwingine wa mawaridi. Miwaridi mingi ya kisasa imetokana na kuchanganywa kwa jamii za Ulaya na Mashariki ya Kati, ambazo zimezoea majira ya baridi, na jamii za China. Hizi za China zilifika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18, na ndizo zilizoleta tabia ya kuchanua tena na tena mwaka mzima. Hazihitaji baridi ili zichanue. Maua yake ni madogo, petali ni nyembamba, shina ni fupi, na katika soko la maua ya kukata hazina thamani. Katika chungu cha Tanga au Unguja ndizo zinazofaa.

Mifano inayojulikana duniani ni Old Blush yenye rangi ya pinki, Cramoisi Supérieur ya mwaka 1832 na Louis Philippe ya mwaka 1834, zote mbili nyekundu, pamoja na Mutabilis ambayo ua lake huanza na rangi ya njano na kuishia pinki iliyoiva. Zimo pia aina ndogondogo za vyungu ambazo zina damu hiyo hiyo ya China. Muuzaji asiyejua jina la mche wake anaweza kuzitambua kwa umbo: matawi membamba yenye vichanga vingi, majani madogo yenye kung'aa, na maua yanayokuja kwa vishada badala ya moja moja kwenye ncha ya shina nene.

Wapo wanaosifu aina mpya za Marekani kama Knock Out, iliyoingia sokoni mwaka 2000 na kupata sifa ya kustahimili ugonjwa wa madoa meusi. Sifa hiyo ni ya kweli. Ila harufu yake ni hafifu mno, na kama itakavyoonekana mbele, mwambao waridi lisilonukia limepoteza nusu ya soko lake.

Pamoja na hayo, mche bora huenda usiwe wa kuagizwa mbali. Katika kisiwa cha Bermuda, chenye joto na unyevunyevu wa bahari, wapenzi wa mawaridi waliunda chama chao mwaka 1954. Sehemu kubwa ya kazi yao imekuwa kukusanya vipandikizi kutoka kwenye miwaridi mikongwe iliyokutwa katika bustani za watu. Mingine hata jina lake halisi halijulikani, ikapewa majina ya mahali ilipokutwa. Hoja yao ni nyepesi: mwaridi uliokaa kisiwani miaka mingi bila kunyunyiziwa dawa umekwisha kufanya mtihani na kufaulu.

Mfanyabiashara wa pwani anaweza kufanya vivyo hivyo. Akiona katika ua wa jirani mwaridi mkongwe unaochanua masika na kiangazi bila mtu kuuhangaikia, hapo ndipo pa kuomba matawi. Mwenye nyumba kwa kawaida hafanyi hiyana, hasa akiahidiwa mche mmoja.

Vipandikizi hukatwa kutoka kwenye tawi lililomaliza kuchanua, lenye unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hivi na vifundo vitatu au vinne. Mkato wa chini uwe mara tu baada ya kifundo. Majani yote huondolewa isipokuwa mawili ya juu, kisha kipandikizi huchomekwa kwenye mchanga uliochanganywa na pumba za mpunga, na kufunikwa kwa chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako. Huwekwa kivulini. Mizizi hutoka kati ya wiki tatu na sita. Msimu mzuri ni wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, hewa ikiwa imepoa. Vinavyochomekwa Februari huoza vingi.

Njia nyingine ni kubebesha, jinsi michungwa ya Muheza inavyobebeshwa juu ya shina la mlimau. Huko Florida, Marekani, ambako udongo ni wa kichanga na wenye minyoo fundo inayoshambulia mizizi, wakulima wa miwaridi hubebesha juu ya shina la aina iitwayo fortuniana, yenye asili ya China, kwa sababu mizizi yake huvumilia hali hiyo. Kwa anayepanda ardhini pwani hilo ni jambo la kuzingatia. Kwa anayepanda chunguni kwenye udongo safi si lazima, na mche uliotokana na kipandikizi una faida moja zaidi: ukikauka juu, unachipua chini ukiwa ni waridi lile lile, si shina pori.

Maji ndiyo muuaji wa kwanza

Chombo ndicho kinachompa mkulima wa pwani uwezo wa kukwepa ardhi yake. Ardhi ya sehemu nyingi za mwambao ni mchanga mtupu usioshika mbolea, au ni udongo uliokaa juu ya mawe ya matumbawe wenye chokaa nyingi. Mwaridi uliopandwa kwenye udongo wa namna hiyo hugeuka njano katikati ya mishipa ya jani huku mishipa yenyewe ikibaki ya kijani. Mmea unakosa madini ya chuma, si kwa kuwa hayamo, bali kwa kuwa chokaa imeyafunga. Kumwaga mbolea ya Urea hakutasaidia.

Ndoo ya lita 20 ndiyo kipimo cha chini kwa mwaridi wa kawaida. Aina ndogondogo zinaweza kukaa kwenye chombo cha lita tano hadi kumi. Ndoo za rangi, madebe na mapipa yaliyokatwa yote yanafaa mradi yaoshwe na kutobolewa matundu ya kutosha, matano au sita ya upana wa kidole. Tundu moja katikati halitoshi. Jani moja tu likiziba, ndoo inageuka kisima.

Chungu cha udongo kinapumua na kupoza mizizi, ingawa hukauka haraka na ni kizito kubeba. Ndoo nyeusi ya plastiki ikipigwa na jua la alasiri hupika mizizi ya upande huo. Anayezitumia azipake rangi nyeupe kwa nje, au atumbukize ndoo ndani ya nyingine kubwa kidogo ili pabaki upenyo wa hewa kati yake.

Kuhusu udongo wa kujaza, mchanganyiko unaofanya kazi ni sehemu mbili za udongo tifutifu, sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa hadi haina harufu, na sehemu moja ya kitu cha kuuachanisha udongo, kama pumba za mpunga zilizochomwa nusu au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Hapa pana tahadhari. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni ili kupata usumba, kama inavyofanyika Unguja, yamejaa chumvi. Yalowekwe kwenye maji baridi yasiyo ya chumvi na kubadilishwa maji mara kadhaa kabla ya kutumika. Mwaridi haupatani na chumvi hata kidogo.

Na ile desturi ya kutanguliza kokoto chini ya chungu ili maji yapite vizuri, ambayo karibu kila mtu ameirithi kwa mwingine? Haina faida. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Husimama juu yake kwanza mpaka udongo ulowe chepechepe. Matokeo yake sehemu yenye maji mengi inapanda juu na kuifuata mizizi. Kipande cha wavu juu ya kila tundu kinatosha, kisha udongo ule ule ujazwe kuanzia chini hadi juu. Chungu kiinuliwe juu ya vipande vya matofali, matundu yasigusane na sakafu.

Miwaridi mingi ya chunguni hufa kwa kumwagiliwa kupita kiasi. Mizizi iliyokosa hewa huoza, na mizizi iliyooza haiwezi kuvuta maji, kwa hiyo majani hulegea kana kwamba mmea una kiu. Mwenye nyumba akiona hivyo huongeza maji. Kesho majani yamelegea zaidi, naye anaongeza tena. Kabla ya kumwagilia, kidole kizamishwe kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Kikitoka na ubichi, mche uachwe. Mwenye vyungu vingi hujifunza haraka kuviinua kidogo na kujua kwa uzito.

Maji yakitolewa, yatolewe mengi mpaka yatiririke chini, si kikombe kimoja cha kulowesha juu. Katika joto la kaskazi ndoo ya lita 20 yenye mmea uliokomaa huenda ikahitaji maji kila siku. Wakati wa masika zinaweza kupita siku kadhaa bila kuguswa.

Maji ya visima vya karibu na bahari nayo yana chumvi. Dalili zake ni ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu na kingo za majani zinazoungua na kuwa kahawia. Asiye na maji mengine akinge ya mvua kwenye mapipa yenye mifuniko, na mara moja kwa mwezi aoshe udongo wa chungu kwa kupitisha maji hayo matamu, mara mbili hivi ya ujazo wa chombo.

Visahani vya kukinga maji chini ya vyungu ni afadhali viachwe kabisa. Licha ya kuozesha mizizi, ndimo anamozaliana mbu aina ya Aedes anayeeneza homa ya dengi, ugonjwa ulioisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Muuzaji anayempa mteja kisahani kama zawadi hamtendei wema.

Madoa meusi na saa saba

Ugonjwa unaowatia hasara wauzaji wengi wa pwani ni madoa meusi. Ni kuvu. Huanza kama doa la duara lenye kingo zilizochanika kwenye majani ya chini, jani hugeuka njano, kisha hudondoka. Mmea uliovuliwa majani mara tatu au nne mfululizo huishiwa nguvu na kufa.

Mbegu za kuvu hii haziwezi kupenya kwenye jani kavu. Zinahitaji jani libaki na maji kwa takriban saa 7 mfululizo. Anayemwagilia jioni kwa kunyunyiza juu ya majani, kama wengi wanavyofanya wakitoka kazini, anaipa kuvu usiku mzima. Anayemwagilia saa 12 asubuhi, kwenye udongo tu, hana la kuogopa kwa siku hiyo. Tofauti ni ya saa za kazi, haigharimu hata senti.

Hatua nyingine ni kuokota kila jani lililodondoka na kulichoma au kulizika mbali, kwa sababu kuvu hukaa humo ikisubiri tone la maji liirushe juu. Vyungu visibanane. Kati ya kimoja na kingine ipite hewa, hata kama bustani itaonekana tupu na mwenye eneo analipwa kodi kwa mita. Masika yakianza mwezi Machi, vyungu visogezwe chini ya upenu wenye mwanga, jambo ambalo aliyepanda ardhini hawezi kulifanya.

Wanaolazimika kutumia dawa wafuate maelekezo ya kwenye kifungashio na kubadilishana aina, maana kuvu huizoea dawa moja. Unga wa salfa, unaotumika sana nchi za baridi, una hatari yake: hali ya hewa ikipita nyuzi 30 huunguza majani. Kwa mwambao hiyo ni sehemu kubwa ya mwaka. Tena, petali zitakazovaliwa mwilini au kutiwa kwenye sinia la arusi hazipaswi kunyunyiziwa dawa za sumu hata kidogo.

Wakati wa kiangazi adui hubadilika. Utitiri hukaa upande wa chini wa jani, husuka utando mwembamba na kulifanya jani liwe na vitone vya rangi ya shaba. Hapo ndipo kurusha maji kwa nguvu chini ya majani kunafaa, mapema asubuhi ili yakauke. Vidukari wanaojaa kwenye vichanga huondolewa kwa maji ya sabuni kidogo au maji ya mbegu za mwarobaini.

Jua linalofaa ni la asubuhi hadi saa 6 au saa 7 mchana, kisha kivuli chepesi. Ukuta wa saruji unaotazama magharibi si rafiki, kwani huhifadhi joto na kulirudisha usiku. Mbolea itolewe kidogo kidogo: kijiko kimoja cha chai cha NPK kwa ndoo ya lita 20 kila baada ya wiki mbili au tatu, juu ya udongo wenye maji, inatosha. Mmea ulioungua mizizi kwa mbolea haurudi.

Soko lipo uswahilini

Baada ya hayo yote, nani ananunua? Kwanza ni yule yule mpita njia, lakini safari hii anauziwa mche uliokwisha kuchanua mara mbili hapo hapo pwani, ndani ya chombo utakakoishi. Muuzaji anayepokea miche kutoka milimani asiiuze wiki ile ile. Aiweke kivulini wiki mbili, aihamishie kwenye udongo mpya, na asubiri. Itakayokufa imfie yeye, na bei ya iliyobaki iwe juu kwa haki. Mteja hulipa zaidi kwa mche asioukuta umekauka.

Soko la pili ni la petali. Mwambao, waridi halihitaji shina. Linahitajika kwenye kikuba, pamoja na asumini, rehani na mkadi, kwa ajili ya nywele na kifua cha mwanamke. Linatandazwa kwenye kitanda cha maharusi na kumwagwa kwenye masinia. Hapa ua dogo linalofunguka upesi si kasoro. Kinachotakiwa ni harufu, wingi, na liwe limechumwa siku hiyo hiyo. Waridi la Naivasha lililolala kwenye chumba cha baridi na kusafiri usiku kucha haliliwezi lile lililochumwa alfajiri mtaa wa pili, na mengi ya aina za kukata hayanukii kabisa.

Mawaridi ya petali huchumwa asubuhi mapema kabla jua halijapanda, yakiwa yamefunguka nusu, na kuwekwa kwenye kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa kibichi. Mfuko wa plastiki huyachemsha. Kwa hiyo mnunuzi apatikane kabla ya kuchuma, si baada yake. Wasusi wa vikuba na wapambaji wa maharusi huchukua oda siku kadhaa kabla.

Mwaridi ukipogolewa huchukua wiki sita hadi saba kuchanua tena. Mkulima anayejua hesabu hiyo anaweza kupanga maua yake yafike pamoja na arusi. Katika miji ya mwambao arusi nyingi hufanyika Shaabani, kabla ya Ramadhani, na tena baada ya Idi. Maulidi nayo huja Mfunguo Sita. Miezi hiyo hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa kawaida, kwa hiyo tarehe ya kupogoa ya mwaka jana haifai mwaka huu. Kuna miaka Shaabani huangukia kwenye kaskazi kali, na kuna miaka huangukia kwenye masika, ambapo nusu ya vyungu italazimika kuwa chini ya upenu. Kupogoa kwenyewe kuwe kwepesi, kisizidi theluthi moja ya mmea, maana katika joto majani ndiyo ghala la chakula.

Wapo wanaouliza kuhusu kutengeneza maji ya waridi, yale yanayotiwa kwenye mrashi na kwenye halua. Wazo ni zuri ila mahali sipo. Waridi linalotoa maji hayo ni lile la jamii ya Damaski, na wanaolilima kwa sifa huko Uarabuni wako milimani: Jabal Akhdar ya Oman, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, na Taif ya Saudi Arabia. Lenyewe huchanua mara moja kwa mwaka, wiki chache za Machi hadi Mei, baada ya kupata baridi. Likiletwa Unguja hutoa majani mengi na maua ya kuhesabika. Zaidi ya hapo, inahitajika milima ya petali kupata chupa chache, wakati petali hizo hizo zikiuzwa mbichi zinalipa siku hiyo hiyo.

Kinacholipa zaidi kuliko inavyodhaniwa ni kukodisha. Vyungu 20 vilivyochanua pamoja vinaweza kupamba ukumbi Jumamosi na kurudi bustanini Jumapili, na baada ya wiki kadhaa vikatoka tena. Mkataba, hata wa karatasi moja, utaje idadi ya vyungu, nani anavisafirisha, na fidia ya kila kitakachovunjika. Visikae ukumbini zaidi ya siku mbili, mbali na feni na viyoyozi, na vikirudi vipewe jua la asubuhi pekee kwa wiki moja kabla ya kurejeshwa mahali pake. Maua yaliyochakaa yakatwe siku ile ile vinaposhushwa garini. Hapo ndipo hesabu ya wiki sita hadi saba inapoanza upya.